Mtandao wa kijamii uliotawala unaweza kukimbiwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kampuni moja kubwa inapobadilisha masharti, au mtandao fulani unapozimika kwa saa kadhaa, maswali haya hurudi. Nimeyakusanya hapa. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Mtandao mkubwa kama Facebook unaweza kweli kupoteza watu wake?

Unaweza, maana imeshatokea kwa wengine. Friendster ilivuma mwaka 2003, ikaachwa. MySpace ikachukua nafasi yake, mwaka 2006 ikafika kuwa tovuti inayotembelewa kuliko zote Marekani, nayo ikaachwa. Orkut ilizishika Brazili na India, leo haipo.

Wengi wanaouliza swali hili wanaiwaza siku moja ambapo kila mtu anafungasha na kuondoka. Haijawahi kuwa hivyo. Watu hunyamaza kwanza. Kuondoka huja baadaye, na wengi hawaondoki rasmi kabisa. Naomba msomaji alishike hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu anayesubiri kuona akaunti zikifutwa atachelewa kuelewa kinachotokea.

2. Sasa kwa nini inaonekana haiwezekani?

Kwa sababu kinachokuvuta pale ni watu, programu yenyewe ni kibanda tu. Mfanyabiashara wa mkoani akija Dar es Salaam kufuata mzigo huenda Kariakoo, pamoja na msongamano wake wote, kwa kuwa wenye maduka wako pale. Wenye maduka nao hawatoki kwa kuwa wanunuzi wanakuja pale. Hakuna anayeweza kuhama peke yake asipate hasara, na anayetaka kufungua soko jipya inabidi awashawishi wote kwa pamoja.

Nguvu hiyo hiyo ikigeuka, inavuta upande wa pili. Marafiki watano uliokuwa unawafuatilia wakinyamaza, nawe huna tena sababu ya kufungua programu kila asubuhi. Ukinyamaza wewe, kuna wengine wanaopoteza sababu yao. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha ETH Zürich walichapisha uchunguzi wa mabaki ya Friendster na mitandao mingine, wakauona mmomonyoko huo: wenye marafiki wachache walio hai hutoka kwanza, kutoka kwao kunawapunguzia marafiki wale waliobaki, na hivyo hivyo mpaka unafika katikati. Mtandao wenye mamilioni ya watu waliounganishwa kwa uzi mwembamba unaweza kubomoka.

3. "Kupoteza watumiaji" kunapimwaje?

Kuna vipimo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni idadi ya akaunti, nacho hakina maana kubwa, kwa sababu karibu kila mtu ana akaunti aliyoisahau. Cha pili ni idadi ya wanaoingia kila siku au kila mwezi. Hicho ndicho kampuni hutangaza kwa wawekezaji. Cha tatu ni idadi ya wanaochangia kitu chao wenyewe, yaani picha, habari ya nyumbani, malalamiko, pongezi. Hiki cha tatu kampuni hazikitangazi, nami nakiona ndicho kinachoeleza uhai.

Mwezi Februari 2022 Facebook ilitangaza kwamba watumiaji wake wa kila siku wameshuka kwa mara ya kwanza katika historia yake, kutoka bilioni 1.930 hadi bilioni 1.929. Ni upungufu mdogo sana. Lakini siku iliyofuata thamani ya kampuni mama, Meta, ilianguka kwa zaidi ya dola bilioni 230, maana wawekezaji walijua kwamba mtandao unaishi kwa kukua. Baadaye idadi ilipanda tena, na mwaka 2023 watumiaji wa kila mwezi walivuka bilioni 3.

Sasa fungua ukurasa wako wa Facebook, uhesabu machapisho ishirini ya mwanzo. Mangapi yameandikwa na mtu unayemjua kwa uso? Mimi nilihesabu wiki hii nikapata matatu: shemeji aliyetangaza kiwanja, mwalimu wangu wa sekondari aliyeweka aya ya asubuhi, na rafiki aliyefiwa. Yaliyobaki yalikuwa video za watu nisiowajua. Miaka kumi iliyopita orodha hiyo ingekuwa ya majirani watupu. Hakuna hata mmoja wao aliyefuta akaunti.

## Walioanguka, na walivyoanguka

4. Friendster iliangushwa na nini?

Na uzito wake yenyewe. Kila ulipofungua ukurasa, mitambo ilijaribu kukokotoa uhusiano wako na marafiki wa marafiki, na kadiri watu walivyoongezeka ndivyo kurasa zilivyochelewa kufunguka. Wamarekani walichoka kusubiri wakaenda MySpace. Mwanzilishi wake, Jonathan Abrams, alikuwa amekataa dola milioni 30 za Google mwaka 2003.

Cha kujifunza ni kwamba Friendster haikufa kila mahali kwa wakati mmoja. Ufilipino, Indonesia na Malaysia iliendelea kupendwa kwa miaka, na mwaka 2009 ikanunuliwa na kampuni ya Malaysia. Mwaka 2011 ikageuzwa kuwa tovuti ya michezo. Mtandao unaweza kuwa maiti nchi moja na ukawa hai nchi nyingine.

5. Na MySpace? Ilikuwa na kila kitu.

Ndiyo maana kisa chake kinafaa kuangaliwa kwa karibu. MySpace ilianza Agosti 2003. Kijana aliweza kuupamba ukurasa wake apendavyo, akaweka wimbo unaojipiga wenyewe mgeni anapoingia, na rangi zinazoumiza macho. Bendi ndogo zilipata wasikilizaji pale. Mwaka 2005 News Corp ya Rupert Murdoch ikainunua kampuni iliyoimiliki kwa dola milioni 580, na kwa wakati ule ikaonekana ameokota dhahabu.

Mwaka 2006 ukaja mkataba wa matangazo na Google wenye thamani ya dola milioni 900, lakini fedha hizo zilifungwa na sharti la kufikisha idadi fulani ya wanaotembelea kurasa. Hapo ndipo naona mgonjwa alipoanza kuugua. Kampuni iliyobanwa na hesabu hiyo haina haraka ya kumrahisishia mtumiaji njia, kwa sababu kila kubonyeza kwa ziada ni fedha. Kurasa zikajaa matangazo, zikawa nzito, na jumbe za utapeli zikazagaa.

Mwezi Septemba mwaka huo huo Facebook, iliyokuwa imeanza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard, ilifungua milango kwa mtu yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, na watu walitumia majina yao halisi. Mtafiti danah boyd, aliyekaa na vijana wa Marekani kipindi hicho, aliandika mwaka 2007 kwamba uhamaji haukuwa wa wote: wenye ndoto ya chuo kikuu walitangulia Facebook, na wengine wakabaki, kwa mgawanyiko uliofuata tabaka na rangi. Watu walihama pamoja na watu waliotaka kuonekana nao.

Aprili 2008 Facebook iliipita MySpace duniani, na mwaka uliofuata ikaipita Marekani kwenyewe. Mwezi Juni 2011 MySpace iliuzwa kwa takriban dola milioni 35. Kilichotokea baada ya hapo kimeelezwa kwenye swali la 15.

6. Orkut ilikuwa ya Google. Mbona haikusaidiwa na ukubwa wa baba yake?

Fedha hazikuwa tatizo. Orkut ilianza Januari 2004 ikapendwa sana Brazili na India, wakati Google yenyewe ilielekeza macho kwingine. Wabrazili wenye jamaa na marafiki nje walijikuta wanahitaji Facebook ili wawasiliane nao, na mwishoni mwa 2011 Facebook ikaipita Orkut huko pia. Ilifungwa tarehe 30 Septemba 2014.

7. Kosa moja tu la kampuni linaweza kuua mtandao?

Kwa mtandao mwembamba, ndiyo. Digg, tovuti ambapo watu walipigia kura habari, ilibadilisha sura na kanuni zake Agosti 2010. Watumiaji waliona sauti yao imenyang'anywa na kupewa wachapishaji wakubwa, wakahamia Reddit, ambayo tayari ilikuwapo na ilifanya kazi ile ile. Miaka miwili baadaye jina la Digg na tovuti yake viliuzwa kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola 500,000.

Tofauti ni kwamba wana Digg hawakuwa ndugu wala majirani. Walifuata habari, na habari ilipatikana pengine bila kumwomba mtu namba ya simu.

## Waliojaribu kuhama

8. Google+ ilikuwa na kampuni tajiri nyuma yake. Kwa nini ilishindwa?

Ilianza Juni 2011 na ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Mamilioni waliandikishwa kwa sababu tu wana barua pepe ya Gmail, lakini hawakuwa na sababu ya kukaa. Facebook ya mwaka 2011 ilikuwa bado haijawachosha watu. Mpinzani hashindi kwa kuwa sawa na mwenye soko. Ni lazima awe na kitu ambacho mwenye soko hana, au mwenye soko awe ameshawaudhi wateja.

9. Januari 2021 kila mtu alisema anahama WhatsApp. Iliishia wapi?

WhatsApp ilitangaza masharti mapya ya faragha, na taharuki ikaenea dunia nzima. Elon Musk akaandika maneno mawili kuwashauri watu watumie Signal, programu nyingine ya ujumbe. Telegram ikatangaza kupata watu wapya milioni 25 ndani ya saa 72. WhatsApp ikasogeza mbele tarehe ya mwisho, kutoka Februari hadi Mei. Na WhatsApp ikabaki na watu wake zaidi ya bilioni 2.

Ukoo wetu nao ulijaribu. Grupu letu lilikuwa na watu 64. Binamu yangu mmoja, kijana wa kompyuta, alifungua grupu jipya kwenye programu nyingine akaweka kiungo. Tukahamia 11, sote tuko chini ya miaka arobaini. Kwa wiki mbili tulisalimiana wenyewe kwa wenyewe. Mama mkubwa aliyeko Korogwe alipopigiwa simu aelekezwe namna ya kupakua, aliuliza swali moja: "Msiba ukitokea mtatangaza wapi?" Binamu akajibu kwamba tutatangaza kote kote. "Basi mimi nitasubiri huku," akasema.

Mwezi Februari babu mdogo akafariki. Tangazo likawekwa kwenye grupu la zamani, na orodha ya michango ikaanza pale pale, jina chini ya jina, kila mtu akinakili orodha na kuongeza lake. Hakuna aliyekumbuka lile jipya. Programu ile bado iko kwenye simu yangu, na ujumbe wa mwisho ni wa binamu: "Wakuu, mpo?"

Nimesimulia hili kwa sababu ndani yake mna kipimo ninachokiamini. Mtandao umekushika kweli pale ambapo habari ya msiba inapita.

10. Vipi kuhusu Twitter, au X?

Hapa jibu bado linaandikwa. Musk alikamilisha ununuzi Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44. Wimbi la kwanza lilikwenda Mastodon, mtandao usio na mmiliki mmoja, iliyofika watumiaji takriban milioni 2 na nusu kwa mwezi, kisha wengi wakarudi: kuchagua seva, yaani kompyuta itakayobeba akaunti yako, kuliwachanganya na hawakuwakuta watu wao. Threads ya Meta ilianza Julai 2023 ikapata watu milioni 100 kwa siku tano kwa kuwa uliingia kwa akaunti yako ya Instagram, wenzako wakiwa tayari mfukoni. Bluesky, mtandao mwingine unaofanana na Twitter, ilivuka watu milioni 20 baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024.

Ninavyoona, X haikupata mrithi mmoja. Imegawanyika kwa makundi: wanasayansi na waandishi wengi wa Marekani kwenda Bluesky, na wengine Threads. Mijadala ya siasa ya Kenya ingali pale pale kwa jina lake la zamani la KOT (Kenyans on Twitter, yaani Wakenya wa Twitter). Kila kundi huhama na ukoo wake.

11. Programu mpya ikivuma ghafla, ndiye mrithi?

Mara nyingi siyo. Clubhouse, programu ya kuzungumza kwa sauti vyumbani mwa mtandaoni, ilivuma mwanzoni mwa 2021 watu wakiwa wamefungiwa majumbani na korona; milango ilipofunguliwa, wakatoka, na Aprili 2023 kampuni ikapunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Angalia kama watu bado wako pale mwaka wa pili.

## Jinsi wakubwa wanavyojilinda

12. Kwa nini Facebook haikufuata njia ya MySpace?

Kwa sababu ilinunua barabara ambazo watu wake wangepitia kuondoka. Aprili 2012 ilitangaza kuinunua Instagram kwa dola bilioni 1, wakati kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi 13. Februari 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Kijana aliyechoka kukaa ukurasa mmoja na wajomba zake akahamia Instagram, akabaki kwenye himaya ile ile.

Haikubahatisha. Mwaka 2013 ilinunua kampuni ya Israeli iitwayo Onavo, yenye programu ambayo watu waliipakua wakidhani inawalinda na kuwaokolea MB, kumbe iliionyesha Facebook programu zipi nyingine watu wanazifungua. Nyaraka zilizotolewa na Bunge la Uingereza Desemba 2018 zilionyesha jinsi takwimu hizo zilivyotumika kuipima WhatsApp. Hilo linanisumbua hadi leo: aliyetaka kujikinga ndiye aliyegeuzwa kuwa mpelelezi.

Asiyeuzika aliigwa. Snapchat ilikataa dola bilioni 3 mwaka 2013, na Agosti 2016 Instagram ikaleta Stories, kwa umbo lile lile la Snapchat. Zile "status" unazoziona WhatsApp zikijifuta baada ya saa 24 zina asili hiyo.

13. Mahakama na sheria haziwezi kuzuia hayo?

Zimejaribu. Desemba 2020 tume ya ushindani ya Marekani, FTC, iliishtaki Facebook ikitaka Instagram na WhatsApp zitenganishwe nayo. Novemba 2025 Jaji James Boasberg aliamua kwamba serikali haikuthibitisha kuwa Meta ina ukiritimba kwa sasa, kwa kuwa TikTok na YouTube zinagombania macho yale yale. Kwa maneno mengine, aliyeiokoa Meta mahakamani ni mpinzani anayeinyang'anya watu.

Ulaya imechagua njia nyingine. Sheria yake ya masoko ya kidijitali inaitaka WhatsApp ikubali kuunganishwa na huduma nyingine za ujumbe, kama vile mwenye laini ya mtandao mmoja wa simu anavyompigia wa mtandao mwingine. Kwangu hii ndiyo dawa ya kweli, kwa sababu ingemwezesha mama mkubwa kubaki Korogwe na programu yake nasi tukabaki na yetu. Sheria hiyo haivuki mipaka ya Ulaya.

## Upande wetu

14. Afrika Mashariki ina tofauti gani?

Bando. Mtu hachagui mtandao kwa uzuri wake tu, huangalia pia unakula MB ngapi. Facebook ililijua hilo mapema: mwaka 2014 mpango wake wa intaneti ya bure ulianza Zambia, ukafika Tanzania kupitia Tigo na Kenya kupitia Airtel. Na pale kampuni za simu zinapouza kifurushi cha WhatsApp peke yake kwa bei nafuu, mpinzani anaanza mbio akiwa nyuma, hata awe bora vipi.

Tulishawahi kuhama, lakini. Wenye BlackBerry Dar na Nairobi waliwahi kuandikiana PIN za BBM, huduma ya ujumbe ya simu hizo, kama leo tunavyopeana namba. BBM ilifunguliwa kwa simu nyingine Oktoba 2013 tu, WhatsApp ikiwa imeshaingia kwenye kila aina ya simu, na Mei 2019 ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Kule Afrika Kusini programu ya ujumbe ya Mxit, iliyokuwa na vijana wake hata kwenye simu za vitufe, ilikwisha vivyo hivyo mwaka 2015.

Na serikali ikifunga mtandao? Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Wengi walijifunza VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, wakaendelea. India ilifunga TikTok Juni 2020. Siku chache baadaye Instagram ikaleta Reels, yaani video fupi kama za TikTok, huko, na watu hawakurudi nyuma kwa sababu hapakuwa na pa kurudi. Brazili iliifunga X kwa wiki tano hivi mwaka 2024, Bluesky ikapata zaidi ya watu milioni moja ndani ya siku chache. Kufunga kunasukuma watu pale tu ambapo kuna mlango mwingine ulio wazi na watu wao wako ndani.

## Mambo ya pembeni

15. Mtandao ukifa, picha na maneno yangu yanakwenda wapi?

Yanapotea, mara nyingi bila kuagwa. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa humo kabla ya 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Zilikuwa nyimbo zaidi ya milioni 50, nyingine hazikuwa na nakala popote. Google+ ilifuta vya watumiaji wa kawaida baada ya kuwapa muda wa kupakua.

Facebook, Instagram na WhatsApp zote zina sehemu kwenye mipangilio ya kupakua taarifa zako au kuhamisha mazungumzo. Ifanye leo, hasa kama picha pekee za marehemu ziko humo.

16. Nataka kuhamisha grupu au wateja wangu. Nianzie wapi?

Usianze na programu, anza na mtu mmoja ambaye wengine humsubiri: mweka hazina wa kikoba, katibu wa kamati ya harusi, anayetangaza ratiba. Akihama na kazi yake, wengine watafuata. Akibaki, utakuwa kama binamu yangu wa swali la 9. Chagua siku ambayo kuna shughuli, maana watu hujifunza njia mpya wakiwa na safari, na ufunge grupu la zamani lisiandikwe na mtu isipokuwa admini, kiungo cha jipya kikiwa juu.

Kwa biashara, weka namba za simu za wateja nje ya mtandao wowote. Jirani yangu anauza mashuka. Alianzia Facebook mwaka 2013, akahamia Instagram, sasa anaweka kwenye status. Wateja wake wa mwanzo bado anao, kwa sababu ana daftari la kurasa mia mbili lenye gamba la bluu: jina, namba, ukubwa wa kitanda, rangi anazopenda. Alilinunua kabla hajafungua akaunti ya kwanza.